Hiyo dawa ya kukata kikohozi usiinunue

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako wote: kaka yako kaanguka na bodaboda, kavunjika pingili ya tano ya shingo, karuhusiwa wiki hii, anakohoa usiku kucha, na unauliza dawa ipi imkatie kikohozi apate kulala, halafu godoro gani na kiti gani cha magurudumu. Hicho kikohozi kiache kama kilivyo!

Mdogo wangu aliumia pingili hiyo hiyo. Kikohozi chake kilikuwa hafifu, kama mtu anayesafisha koo tu. Muuza duka la dawa mtaani kwetu, bila hata kuuliza mgonjwa kaumia nini, akatupa chupa yenye kodeini, akasema "atalala mpaka asubuhi". Kweli akalala. Nyumba ikatulia, tukamshukuru Mungu. Kumbe makohozi yanajikusanya ndani, sehemu ya chini ya mapafu. Baada ya siku chache ukimwekea kiganja ubavuni unasikia mtetemo ndani, na sentensi hamalizi, anaikata katikati avute hewa. Tukarudi ICU na nimonia, koo likatobolewa, akawekwa kwenye mashine. Yule muuza dawa sijamsamehe mpaka leo. Na waliotupa karatasi ya kuruhusiwa imejaa majina ya vidonge, kifua hakikutajwa hata kwa mstari mmoja, hao ndio zaidi.

Elewa kitu hiki. Kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, hupata amri kwa mishipa ya fahamu inayotoka pingili ya 3, ya 4 na ya 5 za shingo. Ndiyo maana kaka yako bado anavuta hewa mwenyewe. Lakini kukohoa ni kutoa hewa kwa kishindo, na kazi hiyo ni ya misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu, ambayo mishipa yake inatokea chini ya pale palipoumia. Amri haifiki. Kile kikohozi kidogo ndicho pekee alichobakiwa nacho cha kusafishia mapafu, na kodeini inakizima, tena inapunguza hata msukumo wenyewe wa kupumua.

Kwa hiyo mkohozeshe. Kwanza daktari athibitishe kwamba shingo imeshika na mbavu ni nzima, na mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akuwekee mikono yako mwenyewe mahali pake. Kwetu aliyejifunza ni mama. Mgonjwa amelala chali, kiganja kati ya kitovu na mbavu, kisiguse mfupa wa kifua. Avute hewa yote anayoweza, aishike kidogo, na anapokohoa unasukuma kwa ndani na kwenda juu, sekunde ile ile. Ukichelewa haitoki kitu. Mama alipoipatia ilitoka kamba nzito ya njano, na mdogo wangu akaongea sentensi nzima. Asubuhi, kabla ya kulala, na kila kifua kikianza kukoroma. Akiwa ametoka kula, subiri.

Majirani watakwambia umpandishie mito apumue vizuri. Kwa mtu wa shingo mara nyingi ni kinyume: akikaa wima tumbo linaning'inia, kiwambo kinakosa pa kuegemea, pumzi inapungua. Akilala chali anapata nafuu. Kwa kukaa kwenye kiti, ulizia mkanda wa tumbo. Kula tu ndiyo lazima akae wima, asipaliwe.

Kila asubuhi mwambie avute pumzi moja ahesabu kwa sauti mpaka iishe, uandike amefika ngapi. Namba ikianza kushuka siku hadi siku, mpeleke hospitali hata kama hana homa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma vizuri. Hiyo ya leo iandike hapa, na useme kama chupa umeshaifungua.