Re: Java inakataa kusoma "1 234,50 €"

Mkuu, Java (lugha ya programu) inashindwa kusoma "1 234,50 €" ya ankara zako si kwa sababu ya alama ya euro, bali kwa sababu ya nafasi zilizomo kwenye maandishi. Kwa Kifaransa, Java 8 hutenganisha maelfu kwa nafasi isiyokatika (isiyoruhusu mstari kuvunjika hapo), yenye namba ya herufi U+00A0. Kuanzia Java 13 ni nafasi isiyokatika iliyo nyembamba, U+202F. Ankara zako zina nafasi ya kawaida, U+0020. Kwa macho zinafanana, kwa programu ni herufi tatu tofauti. Ndiyo maana getCurrencyInstance (kisomaji cha pesa) inatupa ParseException, yaani kosa la kushindwa kusoma, na ulipojaribu getNumberInstance (kisomaji cha namba) ukapata 1. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, maana parse (amri ya kusoma) husoma hadi inapokwama, inarudisha ilichopata, wala hailalamiki. Pesa ya mtu inapotea kimyakimya!

Ondoa kwanza nafasi zote kwa replaceAll("[\\s\\u00A0\\u202F]", ""). Usitegemee \s (alama ya nafasi ya kawaida) peke yake wala trim() (amri ya kukata nafasi za mwanzo na mwisho), haziondoi hizo mbili zisizokatika. Kisha toa "€" na usome "1234,50" kwa DecimalFormat (kisomaji cha namba za desimali) ya Locale.FRANCE, yaani kwa kanuni za Ufaransa, ukiwa umeweka setParseBigDecimal(true) ili upate namba kamili bila kukadiria. Ipe parse ParsePosition, kitu kinachoweka kumbukumbu ya mahali usomaji ulipofika, halafu hakikisha getIndex() yake inalingana na urefu wa maandishi. Isipolingana, kataa rekodi hiyo.

Lokale (nchi na lugha inayoamua jinsi namba zinavyoandikwa) itoke kwa aliyetuma faili, usiikisie: "1.234" Ujerumani ni elfu moja na ushee, Kenya ni moja nukta mbili tatu nne. Sarafu nayo itunze kwenye safu yake kwa msimbo wa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya misimbo ya sarafu (EUR, KES, TZS), kwa sababu "$" pekee yaweza kuwa ya Marekani, Kanada au Australia.