Forester ya tabo imenoki: konrodi za kufuliwa au oili kwanza?

Mkuu, umeuliza kama ununue konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na pistoni za kufuliwa, yaani za chuma kilichoshindiliwa kiwe imara zaidi, kwa hiyo EJ20, injini ya Subaru Forester yako, iliyonoki (iliyogonga ikafa) ukitoka Lindi kwenda Dar. Niko Mtwara, injini hizi nazifungua kila mara, na nakusihi usitume hela bado.

Kwanza fungua uone kilichokufa. Nyingi zilizopita mikononi mwangu, konrodi ilikuwa nzima; kilichoisha ni beringi zake, zimelika kwa kukosa oili. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi. Utando ukikatika wakati unapita malori ya saruji kwa mzunguko mkubwa, joto la pwani nalo limeshailainisha oili, hata konrodi ya kuhimili nguvu za farasi 600 itanoki vilevile.

Kwa hiyo anzia kwenye sampu, trei ya oili iliyo chini ya injini. Bomba la kufyonzea oili la EJ lina tabia ya kupasuka pale lilipochomelewa, na ufa mdogo tu unatosha pampu kuvuta hewa. Weka lililoimarishwa, pamoja na pampu mpya. Kipozeo cha oili cha zamani tupa! Chembe za beringi zimejificha ndani, hakisafishiki, na zitaua injini mpya. Fungua pia vizibo vya njia za oili kwenye bloku, usafishe hadi mwisho.

Krenki ikitoka kuchongwa, dai vipimo vya kila jonali, yaani shingo ya krenki inayozunguka ndani ya beringi. Ya konrodi ni milimita 52, na kanuni ya wajenzi wa injini za kasi ni nafasi ya oili ya sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani kama milimita 0.05. Ipimwe kwa mikromita, boliti zikiwa zimekazwa kwa spana ya toki. Fundi anayepima kwa kidole mshukuru, uondoke.

Pistoni za kufuliwa zina maana ukipandisha presha ya tabo. Hutanuka zaidi, hivyo hufungwa na nafasi kubwa kati yake na silinda; asubuhi zitagonga kidogo mpaka injini ipate moto.

Mipangilio ya kompyuta nayo irekebishwe. Gari la Japani lilipangiwa petroli ya oktani ya juu (isiyolipuka ovyo kabla ya wakati); ukitia ya chini, mlipuko wa kabla ya wakati unazipiga beringi nyundo.

Mwisho funga geji ya presha ya oili. Injini ikiwa ya moto, tegemea psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Ikishuka chini ya hapo ukiwa umekanyaga, achia mafuta, egesha, zima, hata kama umebakiza kilomita tano kufika Nangurukuru.