Nimepimwa malaria mara mbili, kwa nini bado moyo unanienda mbio?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mahindi na maharagwe hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kwa miezi mitatu sasa nashtuka usingizini saa tisa usiku, moyo ukinienda mbio na shingo imekaza. Nimepimwa malaria mara mbili, haikuonekana. Dada yangu anasema ni msongo wa mawazo, lakini sijafiwa wala sijaachwa. Msongo huo utoke wapi?
Mama wa watoto wanne, Busia

JIBU: Mama, huenda dada yako amesema kweli. (Huku kwetu kila kichwa kinachouma ni malaria hadi kipimo kikatae.) Tumezoea kudhani kwamba msongo huletwa na msiba tu, ilhali mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza jinsi panya waliotiwa kwenye baridi, waliojeruhiwa na waliochoshwa kupita kiasi walivyougua kwa namna ileile. Mwili hauulizi sana jina la taabu. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukapiga haraka, misuli ikakaza, sukari ikaongezeka katika damu, ili mtu apambane au akimbie. Hatari ikipita, mambo hutulia.

Mpango huo unafaa kwa nyoka aliyelala njiani. Kwa karo ya watoto wanne haufai hata kidogo, kwa kuwa ya Februari hujaimaliza na ya Mei imeshabisha hodi, nyuma yake iko ya Septemba, huku bei ya mahindi ikipangwa na watu usiowaona. Jambo dogo lisilo na mwisho, tena usilo na uwezo nalo, huweza kuudhoofisha mwili kuliko pigo kubwa la siku moja ambalo majirani huja kukufariji.

Hata hivyo, usikubali maneno yangu kabla ya kupimwa presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana kasoro za hapo nazo huupeleka moyo mbio. Chai ya rangi ya usiku iache. Kwa wiki mbili andika kila usiku uliposhtuka na deni lililokuwa kichwani, kisha uende shuleni mapema, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, ukaombe kulipa kwa awamu.

Ukianza kuona maisha hayana maana, usingoje wiki hizo mbili ziishe: nenda mara moja hospitali ya rufaa ya Mbale, ukaulize kitengo cha afya ya akili.