Barua kwa mwanangu: Bomani, pamba na mizani

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza mbona kila ukisoma habari za Paul Bomani unakuta pamba tupu, na hali anahesabiwa miongoni mwa wapigania uhuru. Je, alikuwa mwanasiasa au mtu wa ushirika? Usimkate vipande viwili. Usukuma wa wakati ule, siasa iliingia kwa mlango wa mizani.

Alizaliwa Musoma mwaka 1925. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kwa hiyo alizoea daftari kabla ya jukwaa.

Sasa tazama gulio la pamba la wakati ule. Mnunuzi ndiye anayepima, ndiye anayesoma, ndiye anayeandika. Mzigo unawekwa kabla mizani haijarudi sifuri, au mshale unasomwa ungali unacheza, au pamba safi inaitwa fifi, yaani pamba ya daraja la chini, ili ilipwe bei ndogo. Chukulia mzigo wa ratili (pauni) 60 umesomwa 56. Ratili 4 hazimlizi mtu. Lakini akileta mizigo 15 ya namna hiyo, ratili 60 zimekwenda: mzigo mzima umelimwa, umepaliliwa na kuchumwa bure.

Dawa ya wakulima, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa kuweka mpimaji wa wakulima kando ya yule wa mnunuzi. Jambo dogo, ila lilimfundisha mkulima kwamba tarakimu ya mwenye nguvu inaweza kupingwa hapohapo, mbele ya watu. Mimi naona hotuba nyingi hazikufanya kazi hiyo.

Mwaka 1952 Bomani alikuwa mwandalizi wa umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha 1953 akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Chama cha msingi kilipokea pamba kijijini, union, yaani muungano wa vyama vya msingi, ikasimamia vyama vya eneo lake, shirikisho likashughulikia viwanda na mauzo. Ilipofika 1959 pamba yote ya jimbo ilipitia humo.

Angalia miaka hiyo vizuri. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 7, 1954, na sheria ilitaka kila tawi liandikishwe. Jimbo la Ziwa serikali ya kikoloni ikakataa, na katazo likadumu hadi 1958. Chama kilichofungiwa hakiwezi kukusanya ada wala kuitisha mkutano kihalali, lakini ushirika uliruhusiwa: wajumbe, kura, vitabu vya fedha. Watu walijifunza kujiendesha humo.

Usidhani lakini kwamba ushirika ulitosha. Hasira ya kupunguzwa mifugo kwa amri ya serikali na ya mabaraza ya mseto wa rangi, ya Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja, haikuwa na mizani ya kuipimia. Ililipuka Geita mwaka 1958, watu wakaandamana hadi Mwanza, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Pale meneja wa pamba hakuwa na dawa.

Kasoro ilikuja baadaye. Shirikisho lilikua upesi kuliko makarani wake, na mkulima aliyezoea kumkagua mnunuzi Mhindi akaona vigumu kumkagua ndugu yake. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchini, Bomani alikuwa Washington, balozi wetu Marekani.

Mzazi wako