Ukitafuta chumba Dar, itembee njia kwanza

Watu wakitafuta chumba cha kupanga Dar wanaangalia tailizi, luku ya peke yako, choo cha ndani, wanaishia hapo. Njia ya kutoka getini hadi kituoni hakuna anayeiuliza, na dalali naye jibu lake ni lile lile, "dakika tano tu bosi", kumbe hizo dakika tano ni za bodaboda siyo za miguu. Mimi nimehamahama sana mji huu na siku hizi kabla sijatoa kodi ya miezi sita naitembea njia mwenyewe, saa saba mchana jua likiwa utosini, halafu nairudia mvua ikishanyesha.

Mchana unaangalia kivuli. Mtaa wenye miarobaini na miembe ya zamani ukiulinganisha na ule waliokata miti yote kupanua barabara ni vitu viwili tofauti kabisa, kwenye lami tupu unafika kituoni shati limeshalowa, na joto lenyewe tunaona linavyozidi. Pasipo na kivuli hutatembea hata kama ni karibu, utadandia boda, buku kwenda buku kurudi, kwa siku 22 za kazi tayari elfu 44 ambayo hukuipigia hesabu.

Mvua ikinyesha angalia kuta. Mstari wa tope ukutani, au geti lililoliwa na kutu chini tu, hivyo havidanganyi, maji huwa yanafika hapo. Mtaro una mfuniko au umejaa chupa za plastiki na pampasi? Pa kuvukia ni zege au mbao mbili zimetupiwa tu? Kama kuna korongo muulize mama wa genge masika watoto wanapita wapi kwenda shule, dalali mwache apumzike.

Halafu usiishie mtaani, ifuate njia yote hadi kazini. Mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, ilipoanza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, ilikuja na njia za waenda kwa miguu pembeni na kwa kweli pale panatembeka (ukitoa boda wanaopita humohumo). Ila inakatiza Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, na karakana ya mabasi nayo ikawekwa humohumo bondeni, sijui walifikiria nini, maana mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha wazi maji yanapita wapi hadi watu wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mvua kubwa ikishuka barabara inafungwa, wewe wa Kimara unabaki mjini unashangaa. Kwa hiyo jua njia yako ya pili ya kurudi nyumbani kabla hujalipa.

Dada zangu, piteni tena saa mbili usiku muone taa, na msiende peke yenu.

Chumba kizuri njia mbovu usikikimbie haraka, jadili bei, mwenye nyumba mmoja alinipunguzia kwa sababu ya zile mbao za mtaroni. Ila chenye mstari wa tope ukutani, hata wakikupa nusu bei achana nacho.