Nina saa 214 za kuruka na hakuna anayeniajiri: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nimepata leseni ya urubani wa biashara mwaka huu. Nina jumla ya saa 214, pamoja na idhini ya kuruka kwa vyombo (kwa kusoma vipimo vya ndani, pasipo kuona nje) na ya ndege za injini mbili. Nimetuma maombi kwa barua pepe kwenye kampuni zaidi ya 40. Zilizojibu ni mbili, na zote zimesema saa zangu hazitoshi. Rafiki yangu ananishauri nilipie mafunzo ya Airbus A320, ndege kubwa ya abiria, ili niwe na cha ziada. Saa nitazipata wapi, kama kila mwenye kazi anataka mtu aliyekwisha kuwa nazo?

JIBU: Marahaba. Nimekaa upande wa pili wa meza, nikisoma maombi kama yako, kwa miaka mingi, na swali lako huniumiza kila ninapolikuta.

Anza kwa kujua nani hasa anayekukataa. Mara nyingi ni bima. Mkataba wa bima ya ndege hutaja rubani wa namna gani anayeruhusiwa kuirusha: jumla ya saa zake, saa zake kwenye aina ile ya ndege, na pengine saa zake za injini ya tabo (injini ya turbini, isiyo na pistoni). Mkuu wa marubani anaweza kukupenda tangu siku ya kwanza na bado asithubutu kukukabidhi Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja ya tabo, uende nayo peke yako, kwa sababu ikipata ajali kampuni haitalipwa. Basi usipoteze nguvu kuwabembeleza wasio na uwezo wa kukuchukua. Tafuta viti ambavyo mtu wa saa 214 anaruhusiwa kuvikalia.

Kiti ninachokiamini kuliko vyote ni cha ukufunzi. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya biashara hutolewa kwa saa 200, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500. Wewe umesimama mwanzoni mwa pengo hilo, na mkufunzi hulivuka akilipwa. Akiruka saa 50 kwa mwezi anapata 600 kwa mwaka, na huziandika kama rubani mkuu wa ndege hata pale mwanafunzi anaposhika usukani. Hizo ndizo saa zinazohesabika zaidi.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Ajali hiyo ndiyo iliyozaa sheria ambayo, tangu 2013, inamdai hata rubani msaidizi wa mashirika ya abiria ya huko awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita saa hizo. Kasi ilipungua mno, usukani ukaanza kutetemeka kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, na kapteni akauvuta badala ya kuusukuma mbele. Mkufunzi huliona kosa hilo hilo kwa wanafunzi wake wiki baada ya wiki, akilisahihisha kwa mikono yake, mpaka mwili unazoea kusukuma. Ukimaliza miaka miwili ya kazi hiyo utakuwa rubani mwingine kabisa.

Kama kufundisha hakupo moyoni mwako, usilazimishe. Mwanafunzi atalipia uchovu wako. Zipo kazi nyingine. Kupandisha waruka kwa miavuli hukupa kupaa na kutua kwingi kwa siku moja, na hukufundisha kuitunza injini, kwa maana ukishuka haraka umepunguza nguvu ya injini hadi chini kabisa, silinda za pistoni hupoa ghafla na huweza kupasuka. Kupiga picha za ramani kunachosha: mistari iliyonyooka, urefu ule ule, mwelekeo ule ule, saa nyingi. Lakini atakayekuhoji baadaye anajua uvumilivu huo una thamani gani. Kuvuta glaida, ndege zisizo na injini, kunafaa pia. Kunyunyizia dawa mashamba ningekwambia usubiri. Kuruka chini vile si mahali pa kujifunzia peke yako.

Halafu kuna kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ndogo za kampuni za kukodi. Wengi wanaokipata walikuwa tayari pale pale uwanjani, wakipakia mizigo, wakipanga safari ofisini, wakimshikia fundi tochi. Nenda mwenyewe. Barua pepe 40 hazilingani na asubuhi moja ya kumkuta mkuu wa marubani akinywa maji kivulini baada ya safari ya kwanza. Usimkimbilie wakati wa kupakia abiria. Subiri, jitambulishe, mpe karatasi moja, uondoke. Rudi baada ya miezi miwili ukiwa na saa zilizoongezeka, hata kama ni 5 tu.

Karatasi hiyo iwe moja kweli. Juu kabisa, kabla ya shule na michezo unayopenda, weka: leseni na idhini ulizo nazo, jumla ya saa, saa za rubani mkuu, saa za injini mbili, saa za usiku, saa za vyombo, tarehe ya mwisho ya cheti cha afya cha daraja la kwanza, na lini unaweza kuanza. Niliposoma maombi, hayo ndiyo macho yangu yalikuwa yakiyatafuta.

Na daftari lako la safari lisiwe na saa za kalamu. Saa zilizobuniwa hugundulika, kwa sababu kila ndege ina kumbukumbu zake na shule ina zake, na zikikosana na daftari lako hakuna atakayekuamini tena. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja kwangu na saa 230. Nilifungua daftari lake, kidole kikatua kwenye mstari wa safari ya dakika 18, kutoka na kurudi kiwanja kile kile. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema joto la oili lilianza kupanda baada ya kupaa, bado lilikuwa ndani ya alama ya kijani, lakini siku zote kwenye ndege ile mshale ulikuwa ukisimama chini zaidi, kwa hiyo aligeuza. Fundi alikuta kipoza oili kimeziba. Kijana yule hakuwa amepamba chochote. Aliandika dakika 18 kama zilivyokuwa. Nilimchukua mbele ya wengine waliomzidi saa.

Kwenye usaili utaulizwa hesabu za kichwani, na hapa wengi wanaanguka kwa kukosa mazoezi tu. Uko futi 8,000 juu ya kiwanja na unataka mteremko wa digrii 3: zidisha 8 kwa 3, anza kushuka ukiwa maili 24 za baharini. Mwendo wako juu ya ardhi ni maili hizo 120 kwa saa: zidisha kwa 5, shuka futi 600 kwa dakika. Fanya hivyo kila siku, njiani, ukioga, mpaka jibu litangulie swali.

Kuhusu A320, usilipie bila barua ya ajira mkononi. Idhini ya aina ya ndege usiyoirusha hupoa haraka. Sehemu nyingi baada ya mwaka lazima upimwe tena kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, kwa gharama yako, na bado saa zako kwenye ndege yenyewe zitakuwa karibu na sifuri. Kampuni inayotaka uilipe ndipo ikuruhusu kukalia kiti cha kulia na kubeba abiria, kaa nayo mbali. Pesa hiyo ilipie kozi ya ukufunzi, na itakayobaki itumie kuruka saa moja au mbili kila mwezi. Kanuni ya kawaida ya kubeba abiria ni kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90, na mkuu wa marubani akikupigia Ijumaa jioni kwamba msaidizi wake anaumwa, atakuuliza mambo mawili: cheti cha afya kiko hai, na mara ya mwisho umeruka lini.