Siku ya 14 imewaroga? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya kushika mimba yamejaa tena na nusu yake ni lile lile, siku za hatari ni lini. Nimechukua machache, na hata kama lako halimo soma yote, jibu lako huenda liko kwa mwenzio.

"Sista nimeingia period tarehe 3, siku zangu za hatari ni lini?" (Sakina, Arusha)

Mzunguko wako siku ngapi? Hujasema. Kila wiki naandika tarehe moja haitoshi na kila wiki mnaniletea tarehe moja, mimi sipigi ramli jamani. Haya, tufanye mzunguko wako ni siku 32 na mwezi una siku 31, maana yake period ijayo unaitegemea tarehe 4. Rudi nyuma kama wiki mbili, yai linatoka kwenye tarehe 20 au 21 hivi, na siku za kushika mimba ni hiyo ya yai pamoja na tano zilizoitangulia, kwa hiyo anza kuhesabu toka 15. Sasa wale wanaodai kila mwanamke yai lake linatoka "siku ya 14" toka period ianze wangekupa tarehe 16, mnakutana siku hiyo moja tu halafu mnasubiri matokeo wakati yai lenyewe bado halijatoka! Hiyo 14 ni ya mwenye siku 28, na wengi hatuna 28. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 mpaka 35 ni kawaida kabisa. App ya simu nayo inabahatisha kwa tarehe ulizoilisha, haijui kama mwezi huu yai limechelewa. Angalia ute wa ukeni, ukiwa unateleza na unavutika kama ute wa yai bichi ndio wakati wenyewe. Na wewe unayetumia hesabu hizi kuzuia mimba huku mzunguko wako unarukaruka, anza kununua nepi.

"Naweza kushika mimba nikiwa kwenye siku zangu?" (Usa River)

Ndiyo, hasa mwenye mzunguko mfupi. Mwenye siku 21 yai linaweza kutoka siku ya 7, mkikutana siku ya 5 bado unatoka damu mbegu zinalisubiri.

"Mume wangu anapandisha wageni Kilimanjaro, msimu ukichanganya anakaa juu siku saba, anashuka siku mbili anapanda tena. Tuna miezi mitano tunatafuta mtoto na siku za hatari zikifika yuko mlimani. Tufanyeje?" (Pasua, Moshi)

Hili ndilo swali, mtu kajieleza. Kwanza tulia, miezi mitano sio ugonjwa. Hata wenye afya zao wanaokutana siku sahihi kabisa, kwa mwezi mmoja nafasi ni kama moja kwenye nne au tano, ndio maana tunawapa mwaka mzima, na ndani ya huo mwaka kama wanane katika kumi wanakuwa wameshika. Pili, hana haja ya kuwepo siku ya yai. Yai linaishi saa 12 mpaka 24 tu lakini mbegu zinaweza kukaa ndani mpaka siku tano. Kuna utafiti wa Wilcox na wenzake wa Marekani, 1995, walifuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba, mimba zote zilitokana na siku sita zinazoishia na siku ya yai, ya kesho yake hakuna hata moja. Kwa hiyo akipanda Machame Jumatatu na wewe unategemea yai Alhamisi, usiku wa Jumapili unahesabika, ingawa siku mbili za mwisho kabla ya yai ndizo nzuri zaidi. Nunua vile vipimo vya mkojo vya ovulesheni, vinakuonyesha siku moja au moja na nusu kabla, na mwezi mmoja amwachie mwenzie safari. Asijibane wiki mbili eti mbegu ziwe nzito, haisaidii. Na nyie wenye waume Dar wanaokuja Krismasi tu halafu mama mkwe anauliza mbona kimya, mwambieni mjukuu haji na basi la Desemba.

"Nikiweka miguu ukutani baada ya tendo inasaidia?" (Kijenge)

Hapana.

"Nina miaka 34, miaka miwili sijashika mimba. Nimekunywa dawa ya kusafisha kizazi na ya kufungua mirija, bado. Mume hataki kupima, anasema yeye ana mtoto wa nje na nguvu zake ziko sawa." (Himo)

Hapa ndio huwa napandwa na hasira. Kizazi hakisafishwi dada, kinajisafisha chenyewe kila mwezi, hiyo ndiyo period! Mirija ikiziba, mara nyingi kwa makovu ya maambukizi kama klamidia au kisonono, hakuna mzizi wala kidonge cha kuingiza ukeni kitakachoizibua, unajiongezea muwasho tu. Anayekuuzia stendi hajawahi kukupima chochote. Na mumeo, nguvu za kiume sio mbegu, mwanaume anaweza kuwa simba kitandani na kipimo kikakuta mbegu sifuri, na mtoto wa zamani hathibitishi chochote kuhusu leo. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika tatizo liko kwa mwanaume au liko kwa wote wawili. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote: anakaa siku mbili mpaka saba bila kumwaga, anatoa mbegu kwenye kikopo, zinafika maabara ndani ya saa moja, kwisha. Wewe ndio utapigwa ultrasaundi, damu, na picha ya mirija ambayo inauma. Sasa nani aanze? Na kama anachoma sindano za testosteroni za gym aache, zinaua uzalishaji wa mbegu, na zikirudi zinachukua miezi. Miaka miwili imetosha, nendeni wote wawili kwa daktari wa wanawake. Aliyefika 35 asisubiri hata mwaka, miezi sita inatosha.

"Niliacha sindano ya uzazi miezi minne iliyopita, sijaona siku zangu." (Ngarenaro)

Kawaida ya sindano hiyo, inaweza kuchukua mpaka miezi kumi au zaidi kurudi. Ila yai hutangulia damu, unaweza ukashika kabla hujaona period hata moja. Pima mkojo kwanza.

"Nataka wa kiume, tukutane siku gani?" (Tengeru)

Siku yoyote ya hatari. Wilcox yule yule alitafuta uhusiano wa siku na jinsia, hakuupata. Mbegu ya baba ndiyo inaamua, kwa hiyo kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa kihamba (shamba la ukoo) kukosa mrithi sio mke, na mabinti wana mikono ya kulima migomba.

"Tulikutana Jumamosi, Jumanne nimepima hakuna kitu, jana nimepima tena hakuna." (Majengo, Moshi)

Subiri period ipitilize ndio upime. Kwa sasa unawatajirisha duka la dawa.